Dago siku kumi na tano: feni ya upepo au ya maji ya kuchajia simu?

MtuWaKojani
Assalaam alaykum wadau. Sisi tupo wanane, tunapiga dago, yaani kambi ya uvuvi, kwenye kisiwa kimoja upande wa magharibi huku Pemba, siku 12 mpaka 15 hatujarudi nyumbani, umeme hakuna. Vya kuchaji ni simu nne, kurunzi za kichwani tatu na jipiesi (GPS) ya nahodha. Tulikuwa na paneli ndogo ya sola, ikakaliwa ndani ya mashua ikapasuka (msiulize nani), na masika hii jua lenyewe hulioni mpaka utafute. Sasa mpwa wangu yupo Muscat ananambia kuna vitabini vidogo (feni za kutoa umeme) vya kubeba mkononi, vyengine vya upepo vinakunjwa kama mwavuli, vyengine vya maji unakitumbukiza kwenye mkondo kinazunguka chenyewe usiku na mchana. Anataka kuniletea kimoja. Mimi roho inanituma cha maji, maana upepo unakuja na kwenda lakini bahari haijatuhama hata siku moja. Aliyewahi kutumia anambie kabla hela ya mtu haijazama.

FundiSola_Wete
Waalaykum salaam. Vitu hivyo vipo kweli, ya upepo kuna Shine na ya maji kuna WaterLily, zote za Canada. Lakini usisome wati zilizoandikwa kwenye boksi. Shine inaandikwa 40, hizo ni za upepo mkali ambao wewe mwenyewe ungeshusha tanga.

Hesabu yake ndo hii, na ni moja kwa upepo na kwa maji: spidi ikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nane, ikipungua nusu unabaki na moja ya nane. Chukua feni ya upana wa sm 60. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, ule wa kutikisa makuti tu, utapata kama wati 6. Ukifika mita 8, bahari imeshatoa povu jeupe, unapata kama 26. Ukishuka mita 2 na nusu hupati hata wati moja, na nyingi hapo hazizunguki kabisa. Maleleji yakiingia, kaskazi imekwisha na kusi bado haijashika, itakuwa pambo.

Maji ni mazito kuliko upepo zaidi ya mara 800, ndo maana ya maji inakuwa ndogo kama sahani. Feni ya sm 20 kwenye mkondo wa mita moja kwa sekunde itakupa kama wati 4, mkondo wa nusu mita inakupa nusu wati. Nusu wati hiyo simu ikiwa imewashwa inaila yenyewe, asilimia haipandi.

Sasa nikuulize yakhe, dago mnapiga wapi, upande wa upepo au wa kificho?

MtuWaKojani
Kificho bila shaka, chini ya mivinje, nani atalala na upepo unampiga usoni. Na mashua tunaifunga nanga pahala petulivu.

FundiSola_Wete
Basi umeshajijibu nusu. Umechagua pahala kwa kukimbia upepo na mkondo, kisha unataka chombo kinachokula upepo na mkondo.

NgalawaKavu
Mimi nilijaribu ya kienyeji, sikununua. Nilichukua dainamo ya baiskeli, ile ya volti 6 wati 3, nikaifunga tezi, nyuma ya chombo, juu ya maji, nikateremsha chuma kirefu chenye panga kama la feni nililolikata kwenye bomba la plastiki la maji. Tukienda kwa tanga na kusi imeshika taa inawaka wallahi mpaka watu wakawa wanacheka kwa furaha, maana chombo kikikimbia ni sawa na mkondo mkali, ila nahodha akawa ananung'unika anasema chombo kinavuta kama kinaburura nanga, na kweli umeme ule haukuwa wa bure ulikuwa unatoka kwenye mwendo wetu. Siku ya pili mshipi wa kuvulia wa mtu ukajisokota kwenye chuma. Siku ya nne beringi ilishakula chumvi, ikawa inalia kama paka kabanwa mkia, siku ya tano kimya. Hizo za kununua nyingi zimetengenezwa kwa watu wanaopiga kambi kando ya mito, maji yasiyo na chumvi. Ukiitia baharini lazima uisuuze kwa maji matamu kila ukiitoa, na dagoni maji matamu ndo hayo mnayonywa.

BiMwani
Na majani ya bahari mmeyasahau? Mie nipo shamba la mwani, kila kinachoning'inia kwenye maji kesho yake kina ndevu. Hiyo feni utaichambua kila asubuhi kama mchicha.

Mjini_Unguja
Tuliokuwa Unguja umeme ulipokatika, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, sote tulikuwa dagoni tu, simu unapeleka kwa mwenye jenereta unalipa 😂 Hiyo feni ningeinunua hata kwa kuuza kitanda.

NgalawaKavu
@MtuWaKojani kabla ya yote pima mkondo wako, haina gharama. Mashua ikiwa nangani, tupa kumbi la nazi usawa wa omo, mbele ya chombo, hesabu sekunde mpaka lifike tezi. Gawa urefu wa mashua kwa sekunde. Pima maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, na pima bamvua, mkondo ukiwa mkali, usipime siku moja ukafurahi.

MtuWaKojani
Nimerudi. Mashua yetu ni mita 7. Maji mafu kumbi lilitumia sekunde 17, nikapata usingizi nikilisubiri. Bamvua sekunde 6, lakini kama saa mbili tu, kisha likazubaa ubavuni na mashua ikaanza kugeuka.

FundiSola_Wete
Safi sana. Bamvua hiyo ni mita 1.17, kama wati 6. Kwa siku maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, ukipata saa mbili kila mara ni saa 8, zinatosha simu mbili na kidogo. Maji mafu ni robo wati, yaani hamna kitu karibu wiki nzima. Paneli ya wati 20 siku ya jua inakupa simu tatu, siku ya mawingu simu moja, na haina kinachozunguka cha kuliwa na chumvi. Ya upepo ningekushauri kama mngepiga dago upande wa kusi wazi, na muwe na mlingoti wa kuifunga juu.

MtuWaKojani
Nimeelewa. Nimeshamtumia mpwa wangu voisi: paneli ya kukunja ya wati 20 na pawabenki mbili, tutazijaza nyumbani kabla ya kuondoka. Kaniuliza hela ikibaki alete nini, nimemwambia mto wa kukalia, wa nahodha.