Naomba ushauri: kupanga kazi za nje kati ya joto kali na radi za alasiri

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu kupanga kazi za nje katika pwani ya nusutropiki wakati wa majira ya joto, ambapo jua kali na radi hufuatana siku nyingi. Ninavyoelewa, nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, upepo wa baharini ukaingia na unyevu wake, na hewa hiyo inapoinuka hujenga mawingu marefu ya ngurumo, mara nyingi alasiri. Asubuhi kuna nafuu ya radi, lakini unyevu huzuia jasho kukauka, hivyo mwili huchoka hata kivulini. Kipimajoto peke yake, kwa maoni yangu, hudanganya.

Kanuni ya kuingia ndani ngurumo inaposikika kabla ya sekunde 30 tangu mmweko, yaani radi ikiwa umbali wa kilomita 10 hivi, kisha kusubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, naifahamu. Je, mnaifuataje pale ngurumo zinaporudi tena na tena huku paa likiwa limeezekwa nusu? Ni afadhali kuanza alfajiri na kufunga kazi adhuhuri, au kuigawa kwa siku zaidi?