Ijumaa jioni wodini bila mishumaa: nimjibu nini mwanangu?

MamaTabata

Habari zenu wapendwa. Kijana wangu ana miaka mitano. Ana saratani ya damu, ile inayowapata sana watoto, na tumeanza kemo hapa Muhimbili. Daktari ametuambia tujipange kwa safari ya miaka miwili mpaka mitatu, hata kama vipimo vitaonyesha damu imesafika mapema. Hilo nimelipokea. Dawa nimeshazijua kwa rangi: ya njano anachomwa mgongoni, nyekundu inamfanya akojoe mkojo mwekundu, nilishtuka mpaka sista akanituliza. Vidonge vya steroidi ndivyo vinavyonitoa machozi. Anaamka saa nane usiku anataka wali maharage, na nikichelewa analia kwa hasira ambayo si yake kabisa, mtoto wangu hakuwa hivyo.

Ninachouliza ni kingine. Sisi ni Wayahudi. Mama yangu ni wa Abayudaya, wale wa Mbale, Uganda, walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Mimi nimekulia Temeke. Nyumbani kila Ijumaa kabla jua halijazama na Sabato kuingia, tunawasha mishumaa, nakamua zabibu za Dodoma tunasema baraka ya kikombe, na baba yake anamwekea mikono kichwani na kumbariki. Mtoto amekua na hayo. Wodini moto hauruhusiwi, kuna oksijeni, na hilo naliunga mkono. Lakini Ijumaa iliyopita aliniuliza, "Mama, leo si Ijumaa?" Nikamwambia ndiyo. "Mbona hakuna mishumaa? Mungu amenikasirikia?" Nikamkumbatia tu. Jibu sina mpaka sasa.

Halafu kuna kina mama wenzangu wa wodini. Wananitendea kama ndugu wa tumbo moja. Mmoja anamsomea mwanangu dua, mwingine anamshika mkono na kumwombea kwa jina la Yesu. Siwezi kuwafukuza, na pia siwezi kuitikia amina kwa nisichokiamini huku mtoto ananitazama. Nikisema Sabato wananiona Msabato, na nguvu za kueleza sina. Mume wangu ni dereva wa lori, njia ya Tunduma, mara nyingi Ijumaa inamkuta barabarani. Sala yetu ya pamoja inataka watu kumi, na Dar siwapati. Mliopita huku, mlifanyaje?

BiMwanaidi

Pole sana mwanangu. Binti yangu aliugua hiyo hiyo, sasa yuko sekondari. Mimi ndiye ningekuwa huyo mama wa kusoma dua, kwa hiyo nikujibu kwa upande wangu. Mwambie hivi: "Dada, dua yako naithamini, sisi tuna sala zetu, we mwombee ukiwa kitandani kwako." Hatakasirika. Kisha mpe kazi, maana anayekuombea mtoto anatafuta namna ya kukusaidia. Akae naye wewe ukaoge. Mimi wakati ule kuoga maji mengi bila kukimbia ilikuwa zaidi ya zawadi.

Na nikuambie ya mwilini pia. Ile dawa ya vinkristini ilimfunga binti yangu choo, miguu na taya vikamuuma. Usisubiri siku tatu, mwambie daktari mapema wampe dawa ya choo. Maji mengi, papai umenye mwenyewe, kachumbari ya nje hapana. Mkiruhusiwa kurudi nyumbani, nunua kipimajoto. Ikifika 38 unarudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anacheza. Panadol isikudanganye, inashusha joto na ugonjwa unabaki. Na mtoto wa jirani akitoka tetekuwanga au surua, toa taarifa kwa daktari siku hiyo, vipele visisubiriwe.

Shamash_Nairobi

Dada, shalom kutoka Nairobi. Kwanza hilo la 38: ikitokea Ijumaa usiku panda bajaji, piga simu, fanya kila kitu. Kuokoa uhai kunatangulia Sabato, hata pale hatari ina shaka tu, na wazee wetu wanasema anayefanya haraka ndiye wa kusifiwa. Usimpigie rabi kwanza.

Mishumaa: pale moto hauwezekani, marabi wengi wanakubali taa ya umeme. Wapo wanaotaka balbu ile ya waya unaowaka ndani ndipo baraka isemwe. Tafuta tochi ndogo yenye balbu ya zamani, nadhani Kariakoo hukosi, muulize sista, uiwashe kabla jua halijazama kisha uiache. Kumbariki mtoto hakuhitaji baba pekee. Mikono yako inatosha, na baba akiwa na mtandao aseme maneno kwa simu kabla Sabato haijaingia.

Kuhusu watu kumi, sinagogi letu lipo tangu zamani, jumuiya ilianza 1904. Nitumie kwa siri jina la Kiebrania la mtoto pamoja na lako, maana mgonjwa tunamwombea kwa jina la mama. Jumamosi Torati ikisomwa atatajwa kwenye Mi Sheberakh, sala ya kuwaombea wagonjwa. Na hao kina mama usiwahesabu kama tatizo. Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi wetu wa kale, inasema anayekwenda kumtazama mgonjwa humwondolea fungu moja katika sitini la maradhi yake. Haikusema awe wa dini gani.

NesiUpanga

Mama, mtoto wa miaka mitano akiuliza kama Mungu amekasirika, mara nyingi anauliza kama ni yeye aliyekosea. Wa umri huo hudhani ugonjwa umetokana na alichofanya, labda alimpiga dada yake au alikataa kula. Mjibu moja kwa moja, kwa maneno machache, na urudie siku nyingine: "Hukufanya kosa. Ugonjwa haukuja kwa sababu yako. Hapa hakuna moto kwa sababu ya mitungi ya oksijeni." Na sindano ya mgongoni usimwambie haiumi. Mwambie itauma, mama atakuwa mlangoni, kisha itaisha. Ukimdanganya mara moja, hata dawa ya kunywa ataikataa. Kama ana ndugu nyumbani, naye aambiwe hayo hayo, wanabeba mawazo mazito kimyakimya.

MamaTabata

Asanteni, Mungu awabariki wote. Asubuhi hii nimemwambia kama Nesi alivyosema. Akanyamaza, akauliza kama na mwenzake wa kitanda cha pembeni Mungu hakumkasirikia. Nikamwambia naye hakumkasirikia hata kidogo. Akaomba uji. Bi Mwanaidi, shikamoo, yule mama wa dua amekubali kukaa naye jioni, nami nimeoga. Shamash, jina nimekutumia. Dada yake wa miaka tisa nitamweleza Jumapili akija.

Jambo moja zaidi: tumeombwa ndugu wa kuchangia damu wiki ijayo, na ndugu zangu wengi wako Mbale. Yeye ni B chanya.

Kijana_Mbagala

Mimi ni O chanya, na kaka yangu ni B. Jumatatu saa mbili asubuhi tunakuja wote wawili. Nitumie jina la wodi kwa siri.