Baba mkubwa apimwe utumbo kwa kamera, au tumwache?

Uyole Juu: Wakuu, baba mkubwa ana miaka 71. Kajisaidia damu muda mrefu, tukamtibia bawasiri. Sasa daktari anahofia saratani ya utumbo mpana, anataka apimwe kwa kamera ya njia ya haja kubwa na kukatwa kinyama cha maabara. Mtaani wanasema kamera inatoboa utumbo. Tumpeleke?

Fundi Mafinga: Msithubutu. Saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Mjomba wangu alipimwa, mwezi haukuisha tukamzika.

Nesi Mstaafu: Mjomba kaondoka na ugonjwa aliouficha. Kukata kinyama hakusambazi saratani hivyo. Kutoboka kupo, ila kwa kipimo cha kawaida ni kama mtu 1 kati ya 1,000, au pungufu. Hatari inapanda wakiweka mrija wa kupanua penye uvimbe ulioziba, na pakitoboka hapo ndipo seli zinaweza kumwagikia tumboni. Lakini wanaume wa huku mnaogopa kamera ya nyuma kuliko kaburi.

Kijana wa Kyela: Shikamoo mama, lakini "wanaume wa huku" ndio akina nani?

Mama Ndizi: Limekuchoma eeh? Wa kwangu alitoa damu mwaka mzima akisingizia pilipili.

Kijana wa Kyela: Dada, ya mumeo malizaneni nyumbani.

Fundi Mafinga: Mama nesi, mjomba hukumjua. Umejuaje alificha?

Nesi Mstaafu: Sikumjua kweli. Damu ilianza lini?

Fundi Mafinga: Kama mavuno ya mwaka wa nyuma yake. Alisema tusimwambie mtu.

Kijana wa Kyela: 😂 Kesi imefungwa.

Fundi Mafinga: Unacheka msiba, dogo?

Nesi Mstaafu: Uyole, mimi kamera hainitishi kama dawa ya kuharisha ya kusafishia tumbo. Utumbo ukiwa umeziba, dawa ile inasukuma pasipo na njia. Na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, daktari ajue mapema.

Uyole Juu: Tumbo limevimba tangu juzi, hatoi hata ushuzi, leo katapika. Dawa yenyewe ipo hapa mezani, tumeambiwa aanze jioni.

Nesi Mstaafu: Asiiguse! Asile, asinywe kitu, mpelekeni dharura sasa hivi. Waambieni hayo hayo uliyoandika, wampige kwanza picha ya CT. Kamera itasubiri.

Uyole Juu: Tunatafuta gari.

Fundi Mafinga: Sawa, ila huyu wa Kyela aniombe radhi.