Pompi ya pumu: dawa inamtoka mtoto mdomoni kama moshi

Mwalimu, Ndosho
Jamani wa Goma, nina mwanafunzi wa miaka 8 mwenye pumu. Vumbi la barabara likipanda tu, kifua kinaanza kulia. Anabonyeza pompi ya bluu (salbutamol) mara mbili tatu, moshi mweupe unamtoka mdomoni, kikohozi kiko palepale. Kosa liko wapi?

Muuguzi, Katindo
Mwalimu, huo moshi ndio dawa yenyewe inapotea. Pompi inarusha kwa kasi, dawa inagonga ulimi na koo, mapafuni inafika kidogo sana. Kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja ni kazi hata kwa mtu mzima. Mtoto anayehema usimdai hilo. Mpe chupa ikae kati ya pompi na mdomo.

Chupa ya maji ya nusu lita inatosha. Pinda waya ufuate umbo la mdomo wa pompi, upashe moto, toboa kitako. Osha chupa kwa maji ya sabuni, usiisuuze wala kuifuta ndani, iache ikauke yenyewe. Ukiifuta, plastiki inanasa dawa. Chomeka pompi, zungushia plasta hewa isipenye.

Tikisa pompi. Mtoto abane midomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara MOJA, avute na kutoa pumzi taratibu mara 5 au 6 bila kuiachia. Tikisa, rudia. Ukibonyeza mbili kwa mpigo, dawa nyingi inabaki kwenye kuta za chupa.

Mwalimu, Ndosho
Asante sana. Na akibanwa kabisa? Pompi inakaa kwenye kabati la mkurugenzi, ufunguo anao yeye.

Muuguzi, Katindo
Itoe humo leo! Ikae mahali unapoifikia bila kuomba ruhusa.

Akibanwa, mketishe wima, usimlaze. Mipulizo 4, mmoja mmoja kwa chupa, subiri dakika 4. Hajatulia? 4 tena, na gari litafutwe; njiani mnaendelea hivyohivyo. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani au midomo ikigeuka bluu, mpulizie na muondoke papo hapo.

Mama wa Himbi
Mwalimu, hakikisha pia haijaisha. Nyingi zina mipulizo 200. Ikipita hapo bado inatoa upepo, ila dawa haina uhakika tena, na kuitikisa hakukuambii kitu. Kuielesha majini ili kujua kama imeisha ni uongo, tena maji yanaiharibu. Kama haina namba za kuhesabu mipulizo nyuma, bandika karatasi kwenye chupa, kila mpulizo kistari kimoja. Ikikaa siku nyingi bila kutumika, pulizia hewani mara 2 kwanza, na hizo nazo uzihesabu.