Je, mwisho wa Game of Thrones uliharakishwa?

Mdau wa Uyole: Ndugu wadau, nimemaliza kutazama misimu yote 8 ya tamthilia hii ya televisheni, iliyorushwa kati ya 2011 na 2019, nami najiuliza kwa nini safari zilizochukua karibu msimu mzima hapo mwanzo zilikamilika ndani ya kipindi kimoja mwishoni.

Mdau wa Iringa: Si wewe peke yako, kaka. Msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi 10, wa mwisho 6 tu. Kifo cha Ned Stark, mhusika mkuu wa msimu wa kwanza, kilitushtua, lakini kila hatua iliyompeleka pale tuliiona, kuanzia onyo alilompa malkia Cersei bustanini hadi Littlefinger, mshauri aliyejifanya rafiki, alipomwekea kisu shingoni. Malkia Daenerys kuuchoma kwa joka lake mji mkuu uliokwisha kupiga kengele za kusalimu amri kulistahili maandalizi kama hayo.

Dada wa Njombe: Naomba kutofautiana nanyi, kaka zangu, kwa kuwa dalili zilikuwepo tangu Daenerys alipowasulubu mabwana wa mji wa Meereen, ila tulimshangilia kwa sababu waathirika walikuwa wamiliki wa watumwa. Kilichoniudhi mimi ni vita vya usiku kwenye ngome ya Winterfell, katika msimu wa mwisho: nilifunga mapazia yote, bado nikaona giza tupu.

Mdau wa Uyole: Kuhusu giza, dada, hatubishani.