Homa ipo, malaria hakuna, basi "taifodi na UTI": kipimo cha taifodi cha Widal kipigwe marufuku?

Bingwa wa Zamu: Wakuu, mbukwenyi. Wiki hii nimempokea wodini fundi ujenzi wa Kizota, hapa Dodoma, miaka arobaini na ushee. Amekuja na mfuko wa makaratasi ya maabara: Widal nne ndani ya miezi miwili, zote chanya, kila moja kituo chake. Amemeza antibayotiki ya sipro mara mbili, amechomwa nyingine, seftriaksoni, siku tano, jasho la usiku liko palepale na suruali anaifunga kwa kamba. Tumepima makohozi, ni TB. Na sipro inavigusa vimelea vya TB, mgonjwa anapata nafuu kidogo, ugonjwa unajificha. Widal inapima kingamwili, haimpimi mdudu. Ukiwahi kuugua zamani, au una homa nyingine kabisa, inaweza kusoma chanya. Nasema ipigwe marufuku zahanati zote. Tena wanaoandika hiyo "taifodi na UTI" ni matabibu waliosoma miaka mitatu tu, hawajui hata kumuuliza mtu kama anakohoa.

Tabibu wa Kibaigwa: Ulikuwa unakwenda vizuri mpaka sentensi ya mwisho. Mimi ni tabibu, mwaka wa 11 kazini. Msimu wa mahindi napokea watu mpaka usiku wa manane, niko na nesi mmoja na tochi ya simu. Umejuaje hao wa vituo vinne ni matabibu?

Bingwa wa Zamu: Nimeona mihuri.

Mgogo wa Chamwino: Muhuri hausemi mtu kasoma miaka mingapi. Mimi mwenyewe niliandikiwa taifodi na daktari wa digrii, hapohapo mjini, bado nimeshika kitasa cha mlango.

Maabara Chini ya Ngazi: Wekeni vyeo pembeni. Anayekitikisa hicho kibao ni mimi. Tone la seramu (maji ya damu ya mgonjwa), tone la antijeni (vijidudu vya taifodi vilivyouawa), nachanganya kwa kijiti, nainamisha huku na huku kama dakika moja. Ikikatika kama maziwa yaliyoharibika, naandika chanya. Sasa fanya hivyo saa kumi na mbili jioni, taa inafifia, mgonjwa anagonga dirisha anataka majibu. Kitabu kinataka vipimo viwili vipishane siku 10 hadi 14, uone kama kiwango cha kingamwili kimepanda mara nne. Nani anarudi baada ya siku 10? Kuotesha damu maabara, uone kama mdudu anaota, ndiyo njia, ila nako kunawakamata kama nusu tu ya wenye taifodi kweli, na majibu yanachukua siku kadhaa. Mkiipiga marufuku Widal mtuambie tupime nini siku hiyohiyo.

Msomi wa Nkuhungu: Huyo Widal si alikuwa Mjerumani wa miaka ya 1930? Halafu kuna utafiti wa Arusha, asilimia 60 ya homa zilikuwa malaria. Kwa hiyo hata hicho kipimo cha haraka cha malaria kinakosea.

Bingwa wa Zamu: Umeushika kwa mkia. Ni Moshi, ulichapishwa 2013, wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Asilimia 60.7 *waliandikiwa* malaria, waliokuwa nayo kweli ni 1.6. Kati ya waliopimwa magonjwa yatokanayo na wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo: leptospira, homa ya Q, brusela. Widal ni Mfaransa, kipimo ni cha 1896. Na huku kwetu kwenye maziwa mabichi, brusela ndiyo ya kwanza kuiwaza.

Mgogo wa Chamwino: Nilijua tutafika kwa Wagogo na maziwa yao. Nyie wa Area C kila Jumamosi mko mnada wa Msalato mnagombania nyama haijaiva, damu inachuruzika kwenye kiwiko, halafu brusela ni yetu?

Bingwa wa Zamu: Sikutaja kabila.

Mgogo wa Chamwino: Ulisema "huku kwetu". Huku ni kwetu.

Mama Zawadi: Mimi si mtu wa afya ila mnatuonea. Nimelipa bodaboda kutoka Ipagala, nimekaa foleni toka asubuhi, daktari ananiambia "ni virusi, kapumzike, unywe maji". Nikirudi nyumbani baba Zawadi anauliza karatasi iko wapi. Maji si ningekunywa nyumbani?

Tabibu wa Kibaigwa: Mama, hapo umemaliza. Nikimnyima dawa anavuka barabara, duka la dawa linampa sipro vidonge sita, hata dozi haijatimia. Usugu unaanzia pale, lakini lawama ni ya tabibu. Na Bingwa bado hajajibu tupime nini.

Bingwa wa Zamu: Nijibu nini? Nilisema Widal isitumike peke yake.

Tabibu wa Kibaigwa: Uliandika "ipigwe marufuku zahanati zote". Panda juu usome.

Mwaka wa Nne: Mimi nauliza, tabibu aitwe daktari au asiitwe?

Msomi wa Nkuhungu: Asiitwe.

Mgogo wa Chamwino: Bibi yangu anamwita daktari hata anayeuza panadoli dukani. Mwende mkamkataze.

Mpita Njia: Samahani jamani. Mama ana homa leo siku ya nne, viungo vinamuuma mpaka kiuno, usiku analowanisha shuka. Malaria hakuna. Wameandika taifodi 1:160 na UTI, dawa elfu kumi na nane. Ninunue?

Tabibu wa Kibaigwa: Kuna watu wamesoma miaka mitano na bado hawajui kuomba radhi.

Bingwa wa Zamu: Na kuna watu kidonda chao hakifungwi bandeji.

Mpita Njia: Jamani, wa siku ya nne bado tupo.

Maabara Chini ya Ngazi: Pole dada. Hiyo 1:160 ni kiwango cha kingamwili cha Widal, ya mara moja haitoshi kusema ni taifodi. Mkojo unamchoma akikojoa? Kama haumchomi, hiyo UTI nayo nina wasiwasi nayo. Usinunue kwanza, mrudishe leo aonwe upya, na mwombe aliyepo amsikilize kuanzia mwanzo. Anafuga? Maziwa anakunywa?

Mpita Njia: Mkojo haumchomi. Maziwa anakunywa ya ng'ombe wa jirani, kila asubuhi. Hachemshi, anasema yakichemka yanapoteza ladha.

Bingwa wa Zamu: Mpeleke leo, na hilo la maziwa ulitaje mwenyewe wasipouliza.

Mgogo wa Chamwino: Mimi sijasema kitu.