Kwa nini michezo ya nyimbo ya mabingwa huanguka jukwaani?

Zumari aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba mwenye ujuzi wa michezo ya nyimbo ya Broadway, yale majukwaa makubwa ya New York, anifafanulie jambo.

Mwaka 1981 mtunzi wa nyimbo Stephen Sondheim na mwongozaji Harold Prince walikuwa na *Sweeney Todd* iliyosifiwa nyuma yao, miaka miwili tu kabla ya hapo. Wakaleta *Merrily We Roll Along*, ikafungwa baada ya maonyesho 16. Mwaka 1976 Leonard Bernstein, mtunzi wa muziki wa *West Side Story*, aliungana na Alan Jay Lerner, mwandishi wa *My Fair Lady*, wakatoa *1600 Pennsylvania Avenue*: maonyesho 7. Halafu *Spider-Man: Turn Off the Dark*, 2011. Nyimbo ni za Bono na The Edge wa bendi ya U2, mwongozaji ni Julie Taymor, yuleyule aliyeisimamisha *The Lion King* jukwaani, ambamo akina Simba na Rafiki wanaitwa kwa Kiswahili chetu.

Kila nikisoma naambiwa "hadithi ilikuwa mbovu", basi. Hainitoshi. Mbovu wapi? Kwenye andiko, nyimbo, uongozaji au hesabu? Na je, kuna dalili mtu anaweza kuziona mazoezi yakiwa bado yanaendelea?

---

ManjuMkongwe alijibu:

Nianze na *Merrily*, maana ndiyo inayofundisha kuliko zote. Tunajua ilivyoanguka na tunajua ilivyosimama baadaye, nyimbo nyingi zikiwa zilezile. Kwa hiyo tunaweza kutenga kilichooza na kilicho kizima.

Marafiki ni watatu: Frank mtunzi wa muziki, Charley mwandishi wa tamthilia na mashairi ya nyimbo, na Mary mwandishi wa riwaya. Mchezo unaanzia mwisho, Frank akiwa tajiri wa filamu aliyewapoteza wenzake, kisha unarudi nyuma mwaka baada ya mwaka hadi 1957, vijana hao wakiwa juu ya paa New York wanaitafuta angani Sputnik, setilaiti ya kwanza ya Wasovieti. Chanzo ni tamthilia ya Kaufman na Hart ya 1934, ambayo nayo ilikwenda kinyumenyume.

Sasa fikiria kazi anayopewa mtazamaji. Afuate kinachotokea mbele yake, na wakati huohuo akumbuke alichokiona nusu saa iliyopita, kwa kuwa hicho ndicho matokeo ya hiki. Mchezo wa namna hiyo lazima umrahisishie mambo mengine yote, hasa kumjua nani ni nani. Toleo la 1981 lilimzidishia ugumu.

Prince alichagua waigizaji vijana, wengi wa kati ya miaka 16 na 25. Wazo lilikuwa zuri mezani: vijana waigize utu uzima uliochuja, kisha warudi kwenye ujana wao halisi. Lakini kwa kuwa hadithi inakwenda kinyumenyume, sehemu waliyoiweza kidogo ndiyo iliyotangulia. Kijana wa miaka ishirini anafungua pazia akiigiza mtu wa makamo mwenye uchungu wa ndoa na kazi, na hadhira haijapata bado sababu ya kumvumilia.

Kisha maleba. Katika maonyesho ya majaribio watu hawakuwatofautisha wahusika. Maleba yaliyokwisha kushonwa yakaachwa, waigizaji wakavishwa fulana nzito zenye maandishi kifuani ya kueleza huyu ni nani kwa nani. Mchezo ukifikia hapo, ujue ugonjwa uko ndani zaidi, kwa sababu mtazamaji anasoma vifua na kuacha nyuso. Na jukwaa lenyewe, kazi ya Eugene Lee, lilijengwa kama ukumbi wa michezo wa shule, na yale mabenchi yake ya ngazi. Sherehe ya matajiri, nje ya mahakama, paa la nyumba: vyote vikafanana.

Wakati huohuo mwigizaji mkuu alibadilishwa, mwalimu wa dansi akabadilishwa, uzinduzi ukasogezwa kutoka tarehe 1 Novemba hadi 16. Hawakupeleka mchezo mji mwingine kwanza kama ilivyokuwa desturi. Walijaribia New York palepale, zaidi ya maonyesho 40 mbele ya watu waliolipa kiingilio. Wengine walitoka katikati ya onyesho, na habari zikaenea mjini kabla mhakiki yeyote hajashika kalamu.

Sasa nyimbo. Kwa kawaida wimbo huimbwa mzima kwanza, baadaye kipande chake hurudi kama kumbukumbu. Sondheim aligeuza: kipande kinatangulia, wimbo mzima unakuja baadaye. *Not a Day Goes By* unausikia kwanza kwenye talaka, mchungu kama shubiri. Katika sehemu ya pili unarudi kwenye arusi ya watu walewale, sasa ni kiapo cha mapenzi, huku Mary, anayempenda Frank kimyakimya, akiuimba pembeni. Nafsi yangu inaniambia hakuna matumizi bora ya wimbo mmoja kwenye jukwaa lolote. Lakini yanafanya kazi tu kama ulimtambua ni nani aliyekuwa analia mara ya kwanza.

Marekebisho yalianza La Jolla, California, mwaka 1985 na mwongozaji James Lapine. Baada ya muda tukio la mahafali ya shule lililofungua toleo la 1981 likaondolewa, na majukumu makuu yakapewa watu wazima wanaoweza kurudi ujanani, jambo ambalo ni rahisi kuliko kijana kuzeeka. Toleo la mwongozaji Maria Friedman lilianza Menier Chocolate Factory, London, 2012, likafika Hudson Theatre, Broadway, 2023 na Jonathan Groff, Daniel Radcliffe na Lindsay Mendez. Likarudisha mtaji, likachukua Tony 4, tuzo kuu za Broadway, mwaka 2024, ikiwemo moja ya Jonathan Tunick kwa kupangia ala muziki huohuo uliozikwa kwa maonyesho 16.

Kwa hiyo kwa huu, jibu la "mbovu wapi": uongozaji kwanza, andiko la ufunguzi pili. Nyimbo hazikuwa na kosa.

---

BiMkasi alijibu:

Namuunga mkono Manju, ila asije mtu akadhani kila anguko ni la mwongozaji. *1600 Pennsylvania Avenue* ni andiko, tangu shinani.

Lerner alitaka historia ya Ikulu ya Marekani kwa karne yake ya kwanza, marais wakipita mmoja baada ya mwingine, na chini yao watumishi weusi walioishi nyumba hiyohiyo. Juu ya hayo akaweka fremu: hawa ni waigizaji walio kwenye mazoezi, wanasimama na kubishana kuhusu mchezo wenyewe na ubaguzi wa rangi. Ken Howard aliigiza marais wote, Patricia Routledge wake zao wote.

Tatizo lake unaweza kulijaribu kwa swali moja: mtazamaji amfuate nani, na mtu huyo anataka nini? Rais akishaanza kutaka kitu, zamu yake inakwisha. Familia ya watumishi ndiyo pekee inayodumu kutoka tukio hadi tukio, lakini haikupewa uzito wa kubeba mchezo. Walipoona majaribio ya Philadelphia na Washington hayaendi vizuri, mwongozaji Frank Corsaro akaondoka, wakaja Gilbert Moses na George Faison, na fremu ya mazoezi ikakatwa karibu yote. Hapo ndipo penye funzo la mkasi. Fremu ilikuwa inachosha, ndiyo, lakini ndiyo iliyoeleza kwa nini mtu mmoja anaigiza marais wote. Ukiing'oa, mishono inabaki wazi.

Bernstein naye hakuwa amelala. *Duet for One* ni wimbo wa wake wawili wa marais, Julia Grant anayetoka na Lucy Hayes anayeingia, wote wakiimbwa na Routledge peke yake kwa kubadili sauti na sura papo hapo. Ulisimamisha onyesho kwa makofi. Wimbo mmoja kama huo huwadanganya wenye mchezo kwamba mambo yatanyooka.

Kuhusu dalili, linganisha na *A Funny Thing Happened on the Way to the Forum*, 1962, ya Sondheim huyohuyo. Ilikuwa inazama kwenye majaribio Washington. Akaitwa mwongozaji Jerome Robbins, akatazama, akasema wimbo wa kufungua ni mpole mno, hauwaambii watu wamekuja kucheka. Sondheim akaandika *Comedy Tonight*. Mchezo uliobaki uligeuka ukaeleweka, ukaendelea kwa maonyesho 964. Angalieni tofauti: pale wahusika na matakwa yao vilikuwa wazi tayari, kilichokosekana ni mlango. Kwenye *1600* hakukuwa na nyumba ya kuwekea mlango.

Jaribio la bei rahisi kuliko yote: someni andiko kwa sauti, mezani, bila wimbo hata mmoja. Kila panapopaswa kuimbwa, mtu aseme kwa sentensi moja nini kimebadilika baada ya wimbo. Mkifika nyimbo tatu mfululizo jibu likiwa "hakuna, ila ni nzuri", simameni hapo. Msiende kwenye dansi.

---

HesabuZaPazia alijibu:

*Spider-Man* ni kesi ya aina nyingine kabisa, kwa sababu watu walikwenda kuiona.

Iligharimu takriban dola milioni 75. Ilianza majaribio Novemba 2010, onyesho la kwanza likasimama mara kadhaa kwa hitilafu za mitambo. Tarehe 20 Desemba mwigizaji wa miruko ya hatari Christopher Tierney alianguka kutoka juu ya jukwaa akaumia vibaya, kamba yake ya usalama haikuwa imefungwa. Uzinduzi ukaahirishwa mara kwa mara hadi wahakiki wakachoka kungoja, wakachapisha Februari 2011. Machi Taymor akaondolewa, akaja Philip William McKinley, mchezo ukafungwa wiki tatu hivi kurekebishwa, ukazinduliwa tarehe 14 Juni 2011 baada ya maonyesho ya majaribio 182. Rekodi iliyokuwapo ilikuwa 71, ya *Nick & Nora* ya 1991, nayo kazi ya magwiji, Arthur Laurents na Charles Strouse, na ilidumu maonyesho 9.

Kwa nini majaribio 182 hayakutosha? Kwa sababu ya namna marekebisho yanavyofanyika. Katika mchezo wa kawaida, mchana mnafanya mazoezi ya mabadiliko, jioni mnaonyesha. Kukata ubeti ni kazi ya mchana mmoja. Kuongeza wimbo ni siku kadhaa: mtunzi aandike, sauti zipangwe, ala zipangiwe, kila mpiga ala anakiliwe karatasi yake, dansi ifundishwe, taa ziwekewe alama upya. Ukiongeza watu wanaoruka kwa nyaya juu ya vichwa vya hadhira, kila badiliko la hadithi linagusa kompyuta ya winchi, njia ya kuruka na ukaguzi wa usalama. Hadithi inakuwa mateka wa mtambo. Walinunua mtambo kabla andiko halijatulia, na baada ya hapo andiko lilikosa pa kugeukia.

Fedha sasa. Gharama ya kuendesha kila wiki, maonyesho manane, ilizidi dola milioni 1. Chukulia wiki inaingiza milioni 1.3 na gharama ni milioni 1.1: kinabaki laki mbili. Gawa milioni 75 kwa laki mbili, unapata wiki 375, zaidi ya miaka saba bila kulegea. Mwisho wa 2011 wiki moja iliingiza zaidi ya dola milioni 2.9, rekodi ya Broadway wakati huo. Wiki kama ile ni ya sikukuu, haidumu. Januari 2014 ikafungwa baada ya maonyesho 1,066, mtaji mwingi haujarudi. Mchezo wa gharama ndogo ungekuwa umetajirisha watu kwa idadi hiyo.

---

Kayamba alijibu:

Mmeiacha *The Capeman*, 1998. Paul Simon kwa muziki, maneno pamoja na mshairi Derek Walcott aliyepata Nobel ya fasihi 1992, uongozaji Mark Morris, mtu wa dansi. Dola milioni 11, majaribio 59, maonyesho 68. Hawa ni mabingwa wa albamu, ushairi na dansi, na karibu wote walikuwa wageni kwenye kazi hii. Mhusika mkuu, Salvador Agrón, aliua vijana wawili New York mwaka 1959, na nyimbo zinaeleza hali yake kwa uzuri bila kumsukuma afanye jambo lolote mbele yetu. Wimbo wa albamu unaruhusiwa kukaa mahali pamoja, wa jukwaani hauruhusiwi. Kwa hiyo BiMkasi, jaribio lako la sentensi moja lingelikamata hili mapema.

---

BiMkasi alijibu:

Lingelikamata, Kayamba. Ila mwongozaji Jerry Zaks aliitwa kusaidia wakati majaribio yameshaanza, na mtu wa dakika za mwisho anaweza kuongeza kasi tu. Hawezi kumpa mhusika haja ambayo watunzi hawakumpa.

---

Zumari aliandika:

Ahsanteni sana, wakuu. Nimeelewa tofauti ya hizo kesi. Swali la mwisho: nisikilize nini ili nilinganishe mwenyewe? Rekodi ya *1600* siioni.

---

ManjuMkongwe alijibu:

Hutaiona, mkuu. Bernstein alikataa isirekodiwe albamu ya mchezo ule. Tafuta *A White House Cantata*, ni muziki wake uliokusanywa baada ya kifo chake bila mazungumzo, wakiimba Thomas Hampson na June Anderson, Kent Nagano akiongoza okestra. *Merrily* ya 1981 ipo: waigizaji waliingia studio siku iliyofuata baada ya kufungwa. Anza na hiyo, kisha ya 2023. Sikiliza *Not a Day Goes By* mara zote mbili katika kila rekodi, na uangalie nani anaimba mara ya kwanza. Ya 1981 ni Frank, ya 2023 ni mkewe Beth. Badiliko hilo moja linabadilisha unamhurumia nani hadi pazia linapofungwa.